Fundi Ngoja na Taa za Njiapanda ya Shule

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, fundi wa meza ya dirishani anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya taa za barabarani kwa miaka thelathini na mitatu. Hapa kazini anaitwa Ngoja. Nyumbani pia anaitwa Ngoja, hasa mkewe anapokuwa amekwisha kuvaa viatu na yeye bado anatafuta miwani.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimetupiwa mimi, mtunza stoo. Mkuu wa karakana alisema hakuna aliyegombana na Ngoja kwa muda mrefu kama mimi, kwa hiyo hakuna anayemjua vizuri zaidi. Nitajitahidi kumsema kwa haki, na pale nitakapomtania, yeye mwenyewe anajua kwamba amenitania zaidi.

Ngoja hakuajiriwa kuwa fundi wa mezani. Aliajiriwa apande ngazi kubadilisha balbu. Dereva wetu wa gari la ngazi, ambaye naye alikuwa mgeni kazini wakati huo, anaikumbuka siku ya kwanza: kijana alipanda vizuri, akafika juu, akaikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili, na hakubaki na mkono wa kushika balbu. Dereva alimsihi, akamtisha, akamwimbia. Mwishowe alipanda mwenyewe kwenda kumbandua. Jumatatu iliyofuata Ngoja alihamishiwa ndani, akapewa meza ya karibu na dirisha, na tangu hapo hajapanda kitu kirefu kuliko stuli.

Kwa wageni wetu wa leo, kazi ya mezani ni hii. Kila njiapanda yenye taa ina kabati la chuma pembeni mwa barabara, na ndani ya kabati mna bodi inayoamua nani apite na nani asimame. Radi ikipiga, au sisimizi wakihamia humo na koo zao zote, bodi inaletwa kwetu. Mara nyingi kilichokufa ni kipande kimoja kidogo. Shida ni kukitoa, maana kila mguu wa kipande umepitishwa kwenye tundu na kugandishwa kwa lehemu, ile metali laini inayoyeyuka kwa moto na kuganda upesi. Kipande chenye miguu miwili kinatoka bila matata. Chenye miguu ishirini ni habari nyingine, kwa sababu ukifika mguu wa tatu, wa kwanza umekwisha kuganda tena.

Zamani mafundi walitumia chuma cha moto, koleo na nguvu. Wengine waliyeyusha lehemu kisha wakaigonga bodi kwenye ukingo wa meza ili imwagike, na ndiyo maana meza zetu za zamani zina makovu, na suruali nyingi za mafundi zilikuwa na matundu mapajani. Ngoja naye alifanya kama wenzake. Katika mwaka wake wa kwanza alishika bodi ya njiapanda ya sokoni, akaona kipande kimelegea, akakivuta kwa koleo. Kilitoka. Kilitoka pamoja na njia ya shaba iliyokuwa chini yake, kama gamba la kidonda, na bodi ikawa imekwisha. Askari wa usalama barabarani alisimama pale sokoni na filimbi mpaka bodi nyingine ilipoagizwa ikafika, na kila Ngoja alipokwenda kununua mboga, askari huyo alimsalimia kwa sauti kubwa. Bodi ile aliitundika kwenye msumari juu ya meza yake. Wageni wengi hudhani ni pambo.

Kisha kikaja kifyonza lehemu. Kina umbo la bastola, na mdomo wake ni kibomba chembamba cha chuma kinachopata moto. Unauvisha mdomo huo kwenye mguu wa kipande, unasubiri lehemu iyeyuke, unabonyeza kitufe, na pampu inaivuta yote ndani ya kichupa cha kioo. Tundu linabaki wazi, mguu unabaki mkavu. Mafundi wengi waliona sasa kazi imekuwa mchezo, wakawa wanabonyeza hovyo hovyo. Ngoja aligundua mapema kwamba lehemu ya juu ikiyeyuka, ya chini huenda bado. Ukibonyeza wakati huo inanyonywa nusu, na utando mwembamba unaobaki ndani ya tundu unaushika mguu kuliko mwanzo. Ukiuvuta hapo, unarudi sokoni kwa yule askari.

Kwa hiyo alikuwa na njia yake moja na hakuibadilisha. Aliuvisha mdomo, akauzungusha taratibu pamoja na mguu, akasubiri mpaka mguu ucheze wenyewe ndani ya tundu. Ukicheza, alibonyeza. Usipocheza hakubonyeza, hata awe amesimamiwa na nani. Na kipande hakukivuta kamwe. Miguu yote ikishakauka, aliipindua bodi juu ya kiganja na kukiacha kianguke. Kisipoanguka, alirudi mwanzo. Ukimsogelea na swali wakati huo, alisema neno moja bila kugeuka, na neno hilo ndilo likawa jina lake. Siku mkuu wa karakana alipokuja mezani kumwambia kwamba amepandishwa cheo, alijibiwa neno hilohilo. Mkuu alisimama pale na barua yake mkononi hadi kipande kilipoanguka.

Sisi wawili tuligombana kwa ajili ya midomo ya kifyonza. Mdomo huliwa na moto, polepole, mpaka ukingo wake unakuwa kama umetafunwa. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna anayechukua mpya kabla wa zamani haujaisha. Yeye aliniletea wa zamani akiwa ameufunga kwenye karatasi kama jino lililong'olewa, akauweka juu ya kaunta, akataka mpya. Niliuangalia kwenye mwanga nikasema bado unafaa. Alisema umeliwa upande mmoja. Nilimwuliza, na upande wa pili je? Tumekwenda hivyo miaka yote, na chai ya saa nne tunakunywa pamoja.

Kila Ijumaa alikifungua kile kichupa cha kioo na kumwaga mabaki ya lehemu kwenye kopo la maziwa. Kopo hilo sasa ni zito kiasi kwamba ndilo linaloshikilia mlango wa karakana usijifunge kwa upepo. Anayeingia kwa pupa hulipiga teke, na hujuta siku nzima.

Lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli nisipoeleza habari ya njiapanda ya shule. Najua yeye asingependa ielezwe. Mkewe ndiye aliyeniruhusu, na kusema kweli ndiye aliyenituma.

Mkewe anafundisha darasa la kwanza katika shule iliyo pale njiapanda, nasi hapa tunamwita Mwalimu. Miaka kumi na moja iliyopita, katika mvua ile kubwa, radi ilipiga kabati la taa za pale. Taa zote zikazima. Barabara ile ni pana, malori yanaiteremka kutoka kilimani, na watoto huivuka asubuhi na mchana. Taa za njia nyingine nyingi zilikuwa zimezima pia, askari hawakutosha, na shule ile haikupata hata mmoja. Mwalimu alichukua kitambaa chekundu cha mezani kwake, akakifunga kwenye mpini wa ufagio, akaenda kusimama katikati ya barabara. Asubuhi na mchana aliyasimamisha malori kwa kitambaa cha meza mpaka mtoto wa mwisho avuke.

Bodi nyingine tulikuwa nayo stoo. Kilichokosekana ni kipande cha kumbukumbu, chenye miguu ishirini na kitu, kilichobeba mpangilio wa taa za njiapanda ile peke yake: nani aanze kupita, nani afuate, na watoto wapewe muda gani wa kuvuka. Nakala yake haikuwepo mahali popote. Kipande kilikuwa kimegandishwa kwenye bodi iliyoungua, na tulichoomba ni kwamba chenyewe kimepona. Kikitoka kizima, taa zingewaka siku hiyohiyo. Kikivunjika, mpangilio ungebidi utengenezwe upya na watu wa mbali, na Mwalimu angeendelea kusimama mbele ya malori kwa miezi.

Ngoja akaketi. Miguu ilicheza, mmoja baada ya mwingine, naye akaifyonza, mmoja baada ya mwingine. Ukabaki mguu mmoja wa pembeni, ulioungwa na shaba pana ya bodi. Shaba pana hula moto. Kila alipoupasha mguu, moto ulikimbilia kwenye shaba na lehemu ikabaki ngumu. Mdomo wa kifyonza nao ulikuwa umeliwa vibaya, safari hii pande zote, na mpya tuliokuwa tumeagiza ungefika kesho yake kwa gari la mizigo.

Karakana nzima ilikuwa imemzunguka. Dereva alisema mguu mmoja si kitu, avute tu. Mwingine alisema aukate, lakini miguu ile ilikuwa imeliwa na unyevu hadi ikawa kama nyuzi, na ukiikata hakuna pa kushikia tena. Mhandisi wa karakana yetu alipendekeza aongeze moto. Aliongeza kidogo, bodi ikaanza kunuka, akapunguza. Sote mle ndani tulijua ni nani aliyesimama barabarani, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvuta kumshinda yeye. Koleo lilikuwa pale mbele yake. Alilishika, akalirudisha mahali pake. Kisha akazima kifyonza, akaifunika bodi kwa kitambaa safi, akasema tusubiri mdomo wa kesho. Kuna waliomwona hana moyo. Dereva alimrudisha nyumbani jioni ile, akimrudia njia nzima kwamba mguu mmoja si kitu.

Yaliyozungumzwa nyumbani nimeambiwa na Mwalimu mwenyewe. Alimkuta mumewe amekaa jikoni hajavua koti. Akamwuliza imebaki miguu mingapi. Akamwambia mmoja.

"Na ukivuta?" akauliza Mwalimu.

Ngoja akamjibu kwamba huenda kikatoka kizima, huenda kikaharibika, na yeye hawezi kujua mpaka awe amevuta. Mwalimu akaendelea kumenya viazi vyake. Alipomaliza kile alichoshika, akasema, "Basi ngoja. Kesho nitasimama."

Kesho yake asubuhi, gari dogo lililokuwa likijaribu kulipita lori lilimpitia Mwalimu karibu mno, na kioo chake cha pembeni kikampiga kwenye kifundo cha mkono uliokuwa na kitambaa. Mfupa ulivunjika. Watoto walikuwa wamekwisha kuvuka, isipokuwa wawili aliokuwa amewashika kwa mkono wa pili. Hao hawakuguswa, wala hakuwaachia.

Habari ilifika hapa karibu wakati mmoja na mdomo mpya. Mlinzi wa shule alipiga simu kusema Mwalimu yuko hospitali na dada yake, hali yake si mbaya, na ameagiza Ngoja asije kabla hajamaliza, kwa sababu mchana watoto watavuka tena na yeye hana mkono wa kushikia kitambaa. Ngoja alisikiliza mpaka mwisho, akamrudishia mkuu simu yake. Mdomo mpya nilimpelekea mezani mimi mwenyewe, na wa zamani sikuudai.

Mhandisi alikuwa amekuja na jiko dogo la umeme kutoka kwake. Usiku alikuwa amelifikiria lile tatizo la shaba pana, akaona kwamba bodi ikipashwa kwanza kutoka chini, shaba itashiba moto na haitaunyang'anya mguu. Lilikuwa wazo zuri sana, na Ngoja alilikubali papo hapo. Waliweka bati juu ya jiko, na bodi juu ya bati. Ngoja akafunga mdomo mpya kwenye kifyonza. Akaweka mikono mapajani, akakaa hivyo mpaka bati likapata moto, na sisi tuliomzunguka tulikuwa karibu kupiga kelele.

Kisha akauvisha mdomo kwenye mguu, akauzungusha. Haukucheza. Hakubonyeza. Nje malori yalikuwa yanapita kama siku zote. Ngoja aliendelea kuzungusha, taratibu, kama vile Mwalimu alikuwa darasani kwake akifundisha kuhesabu. Mguu ukacheza. Akabonyeza, pampu ikavuta, na alipoipindua bodi, kipande kikaanguka chenyewe kwenye kiganja chake, bila kuguswa, na miguu yake yote.

Alimkabidhi mhandisi, akatoka mbio na aproni yake na miwani ya kazi usoni. Hospitali walimdhania daktari, wakampisha.

Kipande kilikuwa kimepona. Taa ziliwaka mchana uleule, kabla ya kengele ya kutoka shule. Tulikwenda wengi kutazama, na sioni aibu kusema kwamba tulilia, mimi na dereva, tukimwona mtoto wa kwanza akivuka kwa kijani huku malori yamesimama. Ngoja hakuwepo.

Na tangu siku hiyo hajawahi kuwepo. Hili wengi wenu hamlijui. Kwa miaka kumi na moja, Ngoja hajapita njiapanda ya shule hata mara moja. Akitoka nyumbani anazunguka kwa barabara ya nyuma, ile ya maghala, na ndiyo maana viatu vyake vina vumbi wakati wetu vinang'aa. Dereva akiwa na kazi upande ule, Ngoja hushuka kwenye kituo cha mafuta na kusema anataka kunyoosha miguu. Tulidhani hapendi kelele za malori. Mkono wa Mwalimu uliunga ukiwa umepinda kidogo, hauwezi kubeba ndoo wala kukamua nguo. Nguo za nyumba ile anazikamua Ngoja mpaka leo, na majirani wanasema hakuna kamba ya nguo inayokauka upesi kama yao.

Mwalimu alikuja stoo wiki iliyopita. Alikaa kwenye kiti changu, akanifungukia. "Anadhani siku ile alichagua mguu wa bodi akaniacha mimi," aliniambia. "Mimi ndiye niliyemwambia angoje. Angevuta kikaharibika, ningesimama pale miezi, na huenda lisingekuwa gari dogo. Nimemwambia mara ngapi! Masikio yake yamejaa pampu." Akafuta macho kwa mkono ule uliopinda, akaomba chai.

Alichokifanya Ngoja kwa ajili yetu wengine kinaonekana. Kipande kile kilinakiliwa siku ileile, na ni yeye aliyemkalia mkuu shingoni mpaka ikawa sheria kwamba hakuna kipande cha kumbukumbu kinachorudi barabarani bila nakala yake kubaki hapa. Jiko la mhandisi halijarudi kwake. Kila bodi yenye shaba pana hupashwa juu yake kwanza, nasi tunaliita jiko la Mwalimu. Mafundi wawili anaowaachia meza wanazungusha mdomo kama yeye, wanasubiri mguu ucheze, na mmoja wao ameanza kutujibu bila kugeuka. Bodi ya sokoni inabaki kwenye msumari wake kwa ombi lao.

Kuhusu zawadi, kamati ilikuwa imependekeza saa ya ukutani. Mwalimu alisema nyumbani wanazo tatu na mumewe huchelewa kwa zote. Akaomba kitu kingine, nasi tumekubali. Sherehe ikiisha, hakuna gari litakalompeleka Ngoja nyumbani. Dereva ameagizwa asimchukue hata akimpigia magoti. Atakwenda kwa miguu, kwa barabara ya mbele, kama sisi sote.

Ngoja, tunakushukuru kwa kila taa iliyowaka kwa sababu yako na kwa kila kipande ulichokiacha kianguke. Tunakushukuru kwa ugomvi wa kaunta, ambao nitaukosa kuliko ninavyoweza kuandika. Tunakutakia mapumziko mema, afya njema, chai isiyopoa, na nguo chache za kukamua.

Taa za njiapanda ya shule zimekaguliwa asubuhi ya leo. Dereva amepanda mwenyewe kubadilisha balbu mbili, na nimempa mpya bila kuuliza za zamani. Muda wa kuvuka ni uleule waliopewa watoto, kwa hiyo unakutosha. Mwalimu atakuwa amesimama ng'ambo, upande wa shule, na hana kitambaa chochote mkononi. Ukikuta nyekundu, simama kama watu wengine. Ikiwaka kijani, safari hii usingoje. Vuka.